Kiu ya Mtoto wa Salima

Magarama, Gitega
Jumamosi, 14 Novemba 1998

Mpendwa Mama Noorjehan,

Kabla sijaandika neno la kwanza nimejiahidi kwamba leo nitakueleza yote, hata yale ya aibu, kwa sababu nimekuwa nikisoma ukurasa wako wa ushauri gazetini tangu nikiwa darasa la sita na nimeona kwamba anayekuficha nusu ya jambo hupata nusu ya jibu, na mimi nusu haitanisaidia, kuna mtoto mchanga ambaye huenda akafa na mimi ninajua kwa nini.

Naitwa Raissa, nina miaka kumi na sita, nasoma lisee hapa Gitega. Naishi na mama yangu, Kadidja, anayeuza vitenge, na mdogo wangu Husni mwenye miaka kumi. Dada yetu mkubwa, Salima, ameolewa Muyinga. Kiswahili changu usikishangae, baba alikulia Kigoma na alikuwa akitusahihisha hata tukiwa tunagombana. Mwaka wa tisini na tatu, mauaji yalipoanza, alikwenda Ryansoro kununua maharage, na hatukumwona tena.

Jambo lenyewe linaanzia kwa Husni. Tangu tulipomfahamu, Husni anakunywa maji kuliko sisi wote tukijumlishwa, na anakojoa kama anavyokunywa, mkojo mweupe usio na harufu, na alipokuwa mdogo majirani walisema ni sukari, wakatuambia tuangalie kama siafu na sisimizi watakusanyika pale alipokojoa, tukaangalia, hakuja hata mmoja. Mama akaamua kwamba ni tabia mbaya. Kwa sababu ya kulowesha godoro alikuwa akiuficha mtungi jioni, na Husni akawa anakunywa maji ya birika la kutawadhia, akichapwa analia bila machozi, na mimi nilidhani anajifanya kulia. Sasa najua kwamba hakuwa na maji ya kutengeneza machozi.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili alizimia, tukampeleka kwa daktari wa watoto aliyekuwa hapa mjini wakati ule, ambaye sasa ameondoka nchini kama wengine walivyoondoka. Mama hajui Kifaransa, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Daktari alieleza kwamba ubongo hutuma ujumbe kwenye figo ukiziambia zirudishe maji mwilini, na figo za watu husikia, lakini kwa Husni ujumbe unafika mlangoni na hakuna wa kuupokea, basi maji yote yanapita. Alimdunga sindano yenye ujumbe huo huo wa ubongo, tukasubiri, mkojo ukaendelea kuwa mweupe kama maji ya bomba, ndipo akasema ubongo ni mzima, figo ndizo hazisikii. Halafu akaandika dawa, na mama alipoelezwa ni dawa ya namna gani aliruka kwenye kiti.

"Mwambie huyu daktari, mtoto anakojoa toka asubuhi mpaka asubuhi, na yeye anamupa dawa ya kukojoza? Iko na akili kweli?"

Maneno ya mwisho sikuyatafsiri, lakini daktari alicheka, nadhani aliyaelewa. Akasema dawa ile huupunguzia mwili chumvi, na mwili ukiona chumvi imepungua huanza kuyashika maji mapema, kabla hayajafika pale penye figo zisizosikia. Akasema Husni asinyimwe maji hata mara moja maishani mwake, na chakula chake kisitiwe chumvi, na ndagala, wale dagaa wa kukaushwa, asahau. Mama hakuamini hata kidogo. Lakini wiki ile ile Husni alilala usiku mzima mara ya kwanza, na mama aliligusa godoro asubuhi, akaketi juu yake akalia.

Sasa nafika kwenye lenyewe. Daktari alimwuliza mama kuhusu ndugu zake wa kiume, mama akasema alikuwa nao wawili, walikufa wachanga huko Buraza. Akamwuliza kama amepoteza mtoto, akasema ndiyo, wa kiume, Saidi, kabla yangu mimi na Husni, kwa homa na kutapika. Daktari akachora herufi X na Y kama zile tulizokuja kujifunza baadaye kwenye biolojia, akasema kasoro iko kwenye kromosomu X, wataalamu wameigundua miaka michache tu iliyopita. Mwanamke ana X mbili, moja ikiwa na kasoro nyingine humsaidia, haumwi au anaona kiu kidogo tu. Mwanamume ana X moja aliyopewa na mama yake, ikiwa ndiyo yenye kasoro hana nyingine ya kumwokoa. Kila mtoto wa kiume wa mama yangu alikuwa na nusu ya bahati ya kuumwa, na kila binti nusu ya bahati ya kuibeba na kuwapa wanawe. Mimi ndiye niliyemwambia mama maneno hayo, kwa mdomo wangu, neno baada ya neno.

Daktari akauliza, "Ana mabinti wangapi?"

Mama akaniangalia. "Mwambie nina wewe tu."

Nikamwambia daktari ana mimi tu. Akanitazama kwa huruma, akasema basi siku nikiwa mkubwa nikipata mtoto wa kiume, nimwambie daktari mapema sana, maana mtoto akijulikana mapema anapewa maji na dawa na anakua na akili zake, na asipojulikana anakauka kidogo kidogo huku watu wakitibu malaria.

Usimhukumu mama upesi, Mama Noorjehan. Saidi alipokufa, watu wa upande wa baba walisema tumbo la mama linaua wavulana, kwa sababu walijua habari za wajomba, wakamrudisha kwao na Salima mgongoni, na ikapita muda mrefu kabla baba hajamfuata kumrudisha. Mama hajawahi kuisahau njia ile ya kurudishwa. Kwa hiyo mwaka jana posa ya Salima ilipoletwa kutoka Muyinga, watu wazuri, wenye kazi na dini, mama aliniita baada ya swala ya alasiri, akautoa msahafu kwenye kitambaa chake, akaniwekea mkono juu yake, nikaapa kwamba sitamwambia Salima wala mtu mwingine ugonjwa wa Husni unapita wapi. Salima, aliyeachwa Buraza kwa bibi mpaka akawa mkubwa na hakumwona Husni akiwa mchanga, anajua tangu zamani kwamba Husni aliharibika figo kwa homa kali. Ndivyo mama alivyowaambia watu wote, na ndivyo ninavyowaambia na mimi.

Salima amejifungua mtoto wa kiume, Mustafa, ana miezi mitano. Jumatano iliyopita mumewe, Aboubakar, alikuja Gitega na msafara wa magari yanayosindikizwa na askari, alileta nguo kwa Latif mwenye duka hapa Magarama, akapita kwetu kutusalimu. Mama akamwekea chai na chapati.

"Kwetu tuko salama, mama," alisema akichanganya na Kifaransa, "mais mutoto ndiyo anatuchosha. Iko na homa kila siku. Wanasema malaria, wanamupa dawa, homa inaondoka, inarudi. Anatapika. Choo hapati. Na kukojoa! Mama Fatuma, mama yangu, anasema ule si mujukuu, ni chemchemi."

"Ananyonya?" mama aliuliza.

"Ah, kunyonya kumeisha! Baba yangu alibakiwa na ng'ombe moja, zingine zilichukuliwa, unajua. Akasema maziwa yote ni ya mujukuu, sisi tunywe chai ya rangi. Mama Fatuma akamwambia Salima, ziwa lako ni majimaji, ndiyo sababu mutoto anakojoa hivi, umupe kitu kizito. Toka mwezi uliopita anakunywa ya ng'ombe, mazito, tena wanamutilia na chumvi kidogo apate nguvu. Mais anakonda tu. Hapa," akajigusa utosini, "pamebonyea kama kisahani."

Mimi niliiweka chini sahani ya chapati niliyokuwa nimeishika. Wakati huo huo Husni aliingia kutoka shule, akaunyanyua mtungi, akanywa bila kushusha mpaka Aboubakar akaanza kucheka.

"Eh, shemeji! We ni ngamia? Utatumalizia bomba la Magarama!"

"Ngamia anakunywa mara moja kwa wiki," Husni alimjibu akipangusa kidevu. "Mi nakunywa mara moja kwa kila somo. Ngamia aje kwangu ajifunze."

Tukacheka wote, isipokuwa mama. Kisha Aboubakar akaacha kucheka ghafla, akaweka kikombe chini.

"Mama, karibu nisahau. Salima amenituma neno moja. Anauliza, Husni alipokuwa muchanga, alikuwa hivi?"

Mama alikuwa anamimina chai. Hakumwaga hata tone.

"Hapana," alisema. "Husni alikuwa munene, munene sana, hana shida yoyote. Ni ile homa ilimuharibu."

"Alhamdulillahi," Aboubakar akasema, na uso wake ulifunguka kabisa. "Nitamwambia. Atapoa moyo."

Alhamisi msafara uliondoka na jibu hilo. Nilimfuata mama jikoni nikamwambia, mama, umesikia kuhusu utosi, akasema watoto wote huwa na homa, nikamwambia Husni alikuwa hivyo hivyo na Saidi alikuwa hivyo hivyo, akaniuliza, "Uliapa au hukuapa?" Tangu siku hiyo hali chakula, na nikimwangalia anageuza uso, na najua kwamba anajua. Akisujudu anakaa chini muda mrefu mpaka Husni anamwita.

Nimechukua vidonge vitatu vya Husni, ingawa siku hizi za vikwazo vya nchi jirani dawa inapatikana kwa shida, nimevifunga kwenye karatasi ya daftari. Gari lingine la Latif linakwenda Muyinga wiki ijayo. Nimefikiri nivitume bila maelezo, niseme tu ni dawa ya homa, hapo nitakuwa sijavunja kiapo. Halafu nafikiri, kama Salima akirudishwa nyumbani akiwa na mtoto mgongoni kama mama alivyorudishwa, itakuwa ni mimi niliyefanya. Nataka kuwa daktari, Mama Noorjehan, ninajifunza kwa bidii hata siku ambazo walimu hawaji, na sijui nitakuwa daktari wa namna gani kama mtoto wa kwanza niliyeweza kumsaidia nilimnyamazia. Nijibu kupitia duka la Latif, kwa gari la kurudi, usisubiri gazeti: je, nivunje kiapo nilichoapa juu ya kitabu cha Mungu nimwambie dada yangu, au nimtii mama yangu?

Raissa

*

Bujumbura, 17 Novemba

Raissa mwanangu,

Wasomaji watayasoma haya mwezi ujao, majina na mitaa ikiwa imebadilishwa. Wewe unayasoma sasa, kwa hiyo simama hapo hapo dukani na usome mpaka mwisho kabla hujaikunja karatasi.

Kwanza, vidonge. Virudishe kwenye chupa ya Husni leo. Nilikasirika nilipofika hapo, na acha nikukasirikie kidogo maana unataka kuwa daktari. Dawa iliyopimwa kwa mtoto wa miaka kumi umpe wa miezi mitano, tena uiite dawa ya homa? Ungemkausha zaidi kwa mkono wako mwenyewe, na Husni angekosa yake. Dawa ya Mustafa ipo, na huenda ikawa ni ile ile, lakini anaipima daktari, kwa uzito wa mtoto, baada ya kumpima damu.

Nilikwenda na barua yako, bila kutaja majina, kwa daktari wa watoto ninayemwamini hapa mjini. Aliisoma mara mbili. Aliyokueleza yule daktari wa kwanza ni sahihi, na wewe uliyashika vizuri kuliko watu wazima wengi. Akaongeza jambo ambalo wewe hukulijua, na linaniuma kukuandikia. Maziwa ya mama ni mepesi, hayana chumvi nyingi, na mtoto mwenye figo hizi anayenyonya tu anaweza kwenda vizuri miezi kadhaa bila mtu kugundua. Maziwa ya ng'ombe ni mazito kwake. Figo zake zinahitaji maji mengi kuyatoa yale mazito, na maji hana. Kila kikombe wanachompa kwa upendo kinamkausha. Chumvi wanayomtilia ni mbaya zaidi. Yule mzee wa Muyinga anajinyima maziwa ya ng'ombe wake wa mwisho ili mjukuu apone, na hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo haya ndiyo ya kufanywa. Maziwa ya ng'ombe yakome. Salima amrudishe mtoto kwenye ziwa, amnyonyeshe mara kwa mara hata kama anadhani maziwa yamekauka, yatarudi. Katikati ya kunyonya apewe maji matupu yaliyochemshwa na kupoa, kwa kijiko, kidogo kidogo, mchana na usiku, bila kungoja alie. Najua wauguzi wanawafundisha kina mama wasiwape wachanga maji, na kwa watoto wengine wana haki, lakini huyu si mtoto wa kawaida. Zile pakiti za chumvi na sukari za kuharisha asipewe mpaka daktari aseme. Na apelekwe hospitali, siku hiyo hiyo, na yule anayempeleka asiseme "ana homa." Aseme: "Mdogo wa mama yake ana figo zisizosikia, na wajomba wa mama yake walikufa wachanga." Wapime chumvi kwenye damu na waangalie mkojo, wataona mtoto amekauka na mkojo bado ni mweupe kama maji. Na mtu yeyote asimnyime maji ili kumpima.

Sasa kiapo. Nimemwuliza sheikh mmoja mwenye elimu na subira. Alisema anayeapa kwenye jambo, kisha akaona lililo bora kuliko lile, afanye lililo bora na atoe kafara: alishe maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Alipomaliza akaniuliza mtoto anaendeleaje. Basi hapo jibu unalo. Lakini Raissa, nadhani hata bila sheikh ulikuwa unajua. Uliniandikia ili mtu mwingine aubebe uzito wa kusema "sema." Nimeubeba. Usinifanye niubebe mara ya pili kwa ukimya mwingine.

Mama yako msomee sehemu hii, kwa sauti.

Kadidja dada yangu, hukumuua Saidi. Wala mama yako hakuwaua ndugu zako. Kasoro ile hukuichagua, hukuinunua, na hukujua kama unayo. Sisi Wahindi, watu wa dukani, tuna ugonjwa huu pia, wa njia nyingine: kasoro inatoka kwa baba na kwa mama pamoja, inapata hata mabinti, na tunaiona zaidi kwa sababu tunaozeshana binamu kwa binamu ili mali isitoke nje. Huko kwetu nao huwa wanamlaumu mwanamke peke yake, ingawa nusu imetoka kwa mwanamume. Waliokurudisha Buraza walikuonea. Lakini Jumatano iliyopita binti yako alituma mtu njia yote ile ya hatari kukuuliza swali moja, na wewe ulikuwa na jibu lake, ukampa jingine. Naelewa ulichokiogopa. Uliogopa arudishwe. Akirudi na mtoto hai mgongoni utampokea, nyumba ipo. Akirudi bila mtoto utamwambia nini?

Na wewe, Raissa, usiende kwa mama yako kama hakimu. Alikutia neno zito mdomoni ukiwa mtoto, na hilo si haki, na nasikitika kwamba hapakuwa na mtu mzima mwingine chumbani mle wa kukushika mkono. Siku hizi hatuna watu wa kutosha wa kushika mikono. Lakini yeye ndiye aliyeketi juu ya godoro kavu akalia. Mpe nafasi aseme yeye. Mpe mpaka gari la Latif lijalo, si zaidi. Likifika na hajaandika, andika wewe, na jina lako mwisho wa barua.

Kuhusu wewe mwenyewe: huenda unabeba, huenda hubebi, ni nusu kwa nusu, na hapa kwetu hakuna bado wa kukupima. Sio sababu ya kutoolewa wala kutozaa. Ni sababu ya kumwambia atakayekuoa kabla ya nikahi, na kumwambia daktari kabla ya kujifungua. Mwanamume atakayekimbia kwa hilo akimbie mapema. Husni ana miaka kumi na anajibu mizaha ya watu wazima. Mtoto aliyejulikana na kupewa maji anakua, umeona kwa macho yako. Mwaka huu Ramadhani itakapoingia msimwache afunge hata nusu siku, hata akiona haya mbele ya wenzake, dini yenyewe imemruhusu.

Nimebakiza jambo moja, na huenda usinisamehe.

Wewe uliapa. Mimi sikuapa chochote. Barua yako iliponifikia jana nilikumbuka ule utosi uliobonyea, nikaona kwamba majibu yako yatapita Gitega, yakae dukani, yasomwe, yazungumzwe, yaliliwe, halafu ndiyo yapande gari lingine. Jamaa yangu Nazarali alikuwa anapeleka sabuni Muyinga na msafara wa leo alfajiri. Nimempa barua kwa mkono wake, aipeleke kwa Aboubakar mwenye nguo, ampe Salima mwenyewe. Nimeandika maziwa yakome, nimeandika ziwa, maji, hospitali, na maneno ya kumwambia daktari. Nimesema imetoka kwa mtu anayempenda mtoto. Jina lako sikulitaja, wala la mama yako. Sikueleza ugonjwa umepitia wapi, ingawa yeye si mjinga na akisoma habari za wajomba atajumlisha mwenyewe. Kama Mungu amelifikisha gari, Mustafa anakunywa maji sasa hivi unaposoma.

Kilichobaki ni chenu. Salima atauliza nani alijua, na tangu lini, na mama yako amjibu ukweli wote. Na atauliza kwa nini hakuambiwa kabla ya kuolewa, alipokuwa bado na nafasi ya kuchagua. Kwa hilo msijitetee, wala wewe wala mama yako. Mwacheni aseme mpaka achoke, kisha mwambieni mmekosea.

Noorjehan